Mipira ya pool: pima kabla hujalipa

Nina meza mbili za pool hapa Malindi, upande wa Maweni, chini ya banda la makuti. Moja ni ya kutumbukiza sarafu, nyingine ya kulipia kwa saa. Vijana wanaotaka kuanza biashara hii hunijia mara kwa mara, na swali lao huwa lile lile: meza nzuri inapatikana wapi? Sijapata hata mmoja aliyeniuliza habari za mipira. Meza ikishasimama, mipira hununuliwa kama kiberiti, chochote kilichoko dukani. Baada ya miezi mitatu wateja wanaanza kunung'unika kwamba meza imepinda. Fundi anaitwa, anainama na pimamaji yake, anachomeka vipande vya mbao chini ya miguu, analipwa, anakwenda zake. Kesho yake manung'uniko ni yale yale, kwa sababu meza haikuwa na kosa.

Nayajua haya kwa kuwa yalinikuta. Seti yangu ya kwanza niliinunua Mombasa kwa sababu moja tu: iling'aa. Iling'aa kama iliyopakwa mafuta ya nazi. Haukupita mwaka, ule mweupe, mpira unaogongwa kwa fimbo, ulikuwa umeshika rangi ya siagi, na namba tisa ilikuwa na tabia yake: ukiipiga taratibu kuelekea shimo la kona, ikishakaribia inakata kushoto kama mtu aliyemwona anayemdai. Tangu hapo sinunui mpira kwa macho. Haya hapa ndiyo ninayoyafanya.

Hatua ya 1: Ijue meza yako kwanza

Kabla ya kutia mguu dukani, pima mpira mmoja wa zamani uliokuja na meza. Kalipa, kifaa cha kubania kitu na kusoma unene wake, utaipata kwa fundi yeyote wa injini za boti. Ukiikosa, weka mpira mezani, ubane katikati ya maboksi mawili yenye kuta zilizonyooka, kisha pima nafasi iliyo baina ya maboksi kwa rula.

Mipira mikubwa, ya mtindo wa Kimarekani, ina kipenyo cha milimita 57.15, yaani inchi mbili na robo. Ya meza ndogo za mtindo wa Kiingereza ni inchi mbili kamili, milimita 50.8. Ya snuka, mchezo ulio ndugu wa pool, ni milimita 52.5. Jicho halioni tofauti ya 50.8 na 52.5, lakini meza inaiona. Ukingo wa raba umewekwa kimo kinachougusa mpira juu kidogo ya kiuno chake. Mpira ukiwa mdogo kuliko uliokusudiwa, ukingo unaukandamiza chini. Ukiwa mkubwa, unaugusa chini mno na mpira unaruka. Na mashimo nayo: mpira mkubwa kwenye meza ndogo hukwama mdomoni, mpira mdogo kwenye meza kubwa humfanya kila mlevi ajione bingwa.

Mwenye meza ya sarafu ana mtihani wa pili, nao ni mpira mweupe. Meza ile inameza mipira yote inayoingia mashimoni na kuifungia tumboni hadi sarafu nyingine itumbukizwe, lakini mweupe lazima iutapike. Inautambuaje? Kuna meza zinazoutambua kwa ukubwa: mweupe ni mdogo kidogo, milimita 47.6 kwa seti ya inchi mbili, kwa hiyo unapita kwenye njia yake peke yake. Nyingine zinautambua kwa sumaku: mweupe una chuma ndani, na sumaku iliyo chini ya meza huuvuta kando. Jirani yangu mmoja alileta seti nzuri sana, ya bei ya kutisha, mweupe ukiwa sawa na wenzake na bila chuma. Mchezo wa kwanza, mweupe ukaingia shimoni. Wakasubiri. Wakainama kuchungulia. Mmoja akaipiga meza teke. Ilibidi mwenye meza aitwe na funguo zake, na jioni nzima akawa bawabu wa mpira mmoja. Kwa hiyo funua meza, tazama njia ya mweupe, ujue ni ukubwa au ni sumaku, ndipo uende sokoni.

Hatua ya 2: Uliza umetengenezwa kwa nini

Kuna aina mbili za plastiki utakazokutana nazo: resini ya fenoli na poliesta. Resini ya fenoli ni ngumu, haikwaruziki upesi, na inastahimili joto. Joto? Ndiyo. Ukiupiga mweupe kwa nguvu, kwanza unateleza juu ya kitambaa kabla haujaanza kuviringika, na msuguano ule unachoma. Tazama kitambaa cha meza yoyote iliyotumika, utaona vidoa vyeupe na vijistari mahali pa kufungulia mchezo. Kinachokiumiza kitambaa kinauumiza na mpira. Poliesta, iliyo laini zaidi, inachubuka pale pale, inapoteza mng'aro, na mpira wenye ngozi ya kuchubuka nao unageuka msasa na kukila kitambaa.

Jina linalotajwa zaidi kwa resini ya fenoli ni Aramith, inayotengenezwa na kiwanda cha Saluc huko Callenelle, Ubelgiji. Sisemi ununue hiyo tu. Nasema muuzaji akikuambia "hii ni orijino", muulize orijino ya nini. Boksi linaweza kuchapishwa popote. Mpira wenyewe ndio utakaokujibu, na njia za kuuhoji zinakuja hapa chini.

Nitoke nje ya njia kidogo. Zamani mipira hii ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pwani yetu ilikuwa ndani ya biashara hiyo. Nyika iliyo nyuma ya Malindi, kuelekea Tsavo, ndiko Waata walikowinda ndovu kwa pinde nzito na mishale ya sumu, na pembe zikateremka pwani kupakiwa majahazini. Pembe moja ilitoa mipira michache tu. Miaka ya 1860 kampuni ya Phelan na Collender ya New York ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayepata kitu badala ya pembe, na mpiga chapa mmoja wa Albany, John Wesley Hyatt, akaingia kazini hadi akatoa mipira ya seluloidi. Seluloidi inashika moto kwa urahisi, na mipira yake ya mwanzo wakati mwingine ilipogongana ilitoa mlio kama wa fataki. Hyatt alisimulia kwamba mwenye baa mmoja wa Colorado alimwandikia kuwa mlio wenyewe haumsumbui, ila kila ukisikika wanaume wote ukumbini huchomoa bastola. Mwaka 1907 mkemia Leo Baekeland akapata resini yake ya fenoli, na mipira bora ya leo ni wajukuu wa resini hiyo.

Naisimulia hii kwa sababu kuna siku mtu atakuja kukunong'oneza kwamba ana seti ya kale ya pembe, imetoka nyumba fulani ya Wazungu. Mkatae pale pale. Kumiliki pembe za ndovu bila kibali ni kosa la jinai Kenya. Na hata sheria ingeruhusu, pembe hunyonya unyevu wa hewa na kubadilika umbo, na hewa ya Malindi unaijua mwenyewe.

Hatua ya 3: Jicho, ukucha, sikio

Hii ni ya dakika tano, ifanyie palepale kaunta.

Hesabu: seti ya pool ni mipira 16, yaani 1 hadi 7 yenye rangi nzima, 8 mweusi, 9 hadi 15 yenye mkanda, na mweupe. Usicheke. Nimewahi kufika nyumbani na namba kumi mbili.

Pitisha ukucha kwenye ukingo wa namba na wa mkanda. Kwenye mpira mzuri rangi imeumbwa pamoja na mpira, haikupakwa juu, kwa hiyo ukucha unateleza bila kukwama. Ukisikia kidaraja, hiyo ni rangi ya juu na itabanduka. Tazama pia kama mkanda umekaa katikati, na kama duara la namba lina ukingo mkali au limevuja kama wino kwenye karatasi yenye maji.

Kisha gonga. Shika mipira miwili, mmoja kila mkono, uigonganishe polepole karibu na sikio, kama unavyogonga nazi sokoni kabla hujainunua. Resini nzuri inalia mlio mkavu, mwembamba, tak. Ule wa hafifu unalia tup, kama umefunikwa na kitambaa. Gonga yote kwa zamu dhidi ya mmoja. Mlio wa mmoja ukitofautiana na wa wenzake, uweke kando, una habari.

Hatua ya 4: Mizani ya sonara

Hii ndiyo hatua iliyonifungua macho. Ile namba tisa yangu ilipozidi, nilitia seti nzima kwenye kikapu nikaenda nayo mjini kwa sonara mmoja, mtu mzima tuliyemzoea. Mizani ya jikoni inafaa pia, lakini ya sonara haibahatishi.

"Mwanangu, dhahabu gani hii nzito hivi?"

"Shikamoo mzee. Si dhahabu, ni mipira ya pool. Naomba unipimie."

"Marahaba. Kumi na sita yote?"

"Yote, mzee."

Akacheka, lakini akaifanya kazi kama kazi. Mpira wa kwanza ukaviringika kutoka kwenye sahani ya mizani na nusura uvunje kioo cha kaunta. Akatafuta kifuniko cha chupa ya soda, akakilaza kichwa chini juu ya sahani, akabonyeza mizani irudi sifuri, kisha akauketisha mpira ndani ya kifuniko. Mimi nikawa naandika. Mingi ilikuwa 163, 164, 164, 165. Namba nne 161. Tulipofika kwenye tisa, mizani ikasoma 156. Akauinua, akaurudisha. 156.

"Huyu si wa nyumba hii," akasema.

Kanuni za kimataifa za pool zinataka mpira wa milimita 57.15 uwe na uzito wa kati ya gramu 156 na 170. Maana yake tisa yangu, kwa kanuni, ilikuwa halali! Hapo ndipo watu wanapokosea. Uzito wa mpira mmoja mmoja si hoja sana. Hoja ni mipira yote ifanane. Mpira wa gramu 165 ukiupiga wa 156, hautasimama palepale kama mchezaji alivyozoea, utausindikiza mbele. Mwenye snuka anajua hili: kanuni zao haziruhusu tofauti ya zaidi ya gramu 3 ndani ya seti moja. Mimi natumia hesabu hiyo hiyo kwa pool. Ikizidi 3, narudisha seti. Mweupe wa meza ya sarafu usiuhesabu hapa, kwa kuwa ni mdogo au una chuma, ni kiumbe tofauti.

Kama unanunua kwa simu, mwambie muuzaji akupigie picha ya mipira mitano ya kuchagua wewe, mmoja mmoja juu ya mizani. Anayeuza kitu chake hatakataa.

Hatua ya 5: Karatasi na rula ya chuma

Kanuni inaruhusu kipenyo kizidi au kipungue milimita 0.127, si zaidi. Kama huna kalipa ya kupima hivyo, una karatasi: ile ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu milimita 0.1.

Weka kioo kinene juu ya meza iliyotulia. Panga mipira mitatu mstari mmoja, miwili uliyoichagua kuwa kipimo pembeni, wa kujaribiwa katikati. Laza rula ya chuma juu yake, upande wake mwembamba ukiangalia chini, kisha jaribu kupenyeza kijikaratasi kati ya rula na mpira wa katikati. Kikipita bila kugusa, mpira huo ni mdogo kuliko wenzake kwa zaidi ya unene wa karatasi. Rula ikicheza kama pembea, wa katikati ni mkubwa. Uzungushe mpira uujaribu tena mara mbili tatu, maana unaweza kuwa mzima upande mmoja na bapa upande mwingine.

Ukiwa na haraka, tia mipira 15 kwenye kiunzi cha pembetatu, ibane mbele. Ikishikana yote, vizuri. Pakibaki mwanya, badilisha nafasi za mipira. Mwanya ukihama na mpira, mpira ndio mkosa. Ukibaki pale pale, kitambaa chako kimechimbika mahali pa kupangia.

Hatua ya 6: Uviringishe

Mpira unaweza kuwa na uzito sawa na ukubwa sawa, na bado ukawa na kiputo cha hewa ndani upande mmoja. Huo unakwenda upogo, na ukienda taratibu ndipo unajionyesha.

Tengeneza mteremko mdogo kwa rula mbili zilizoegemezwa juu ya daftari, ili kila mara mpira uteremke kwa mwendo ule ule. Mkono wa mtu haulingani mara mbili. Achia mpira namba ikiwa juu, utazame unaishia wapi, weka alama kwa chaki. Kisha uachie namba ikiwa upande wa kushoto, halafu kulia. Soma majibu hivi: ukielekea upande mmoja daima, vyovyote unavyouweka, sehemu unayoviringishia ndiyo imeinama, mpira hauna hatia. Lakini ukienda kushoto namba ikiwa kushoto, na kulia namba ikiwa kulia, uzito umelala upande wa namba. Ile tisa yangu ilifanya kinyume chake kila mara: ilikimbia namba. Nyuma ya namba palikuwa na uwazi.

Kuna kijana aliniambia dawa ni kuuelesha mpira kwenye maji ya chumvi, upande mzito utakaa chini wenyewe. Kwa mpira wa gofu wanafanya hivyo. Wa pool hauelei. Ni mzito karibu mara 1.7 ya maji, na maji yaliyokolea chumvi hadi mwisho hayafiki hata 1.3. Ungeupeleka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni ungezama tu.

Hatua ya 7: Nunua jamaa nzima

Usinunue mpira mmoja kujazia pengo. Ukipoteza namba sita, mpya utakaouleta utakuwa umetoka kiwanda kingine, na hata ukitoka kiwanda hicho hicho, wenzake wamekwisha kulika na wenyewe haujalika. Mimi nilijaribu, nikawa na seti ya ndugu kumi na tano na mgeni mmoja.

Mweupe ni tofauti. Huo unagongwa kila zamu, unalika mbele ya wote. Siku unayonunua seti, nunua na mweupe wa akiba, wa kampuni ile ile na aina ile ile, uufungie kabatini. Na kabla ya kulipa, patana na muuzaji mbele ya mtu: nikiipima nikakuta imezidi gramu 3, narudisha. Muuzaji akianza kuimba nyimbo, funga pochi.

Bei usiipime kwa siku moja. Seti ya resini itakuuma siku ya kununua kuliko ya poliesta. Igawe kwa miezi. Yangu ya poliesta haikufika miezi kumi na miwili. Hii niliyonayo imeshaona kusi mbili na kaskazi mbili na namba zake bado zasomeka kutoka mlangoni.

Ikishafika Malindi

Adui hapa ni mchanga. Mteja anatoka ufuoni, mchanga uko viganjani na mifukoni, anainamia meza, umeshamwagika. Nimeweka ndoo ya maji na taulo mlangoni. Wengine hukasirika, lakini wananawa. Adui wa pili ni makuti yenyewe, yanadondosha vumbi usiku kucha, hasa kusi ikivuma. Funika meza. Kabla ya mchezo wa kwanza piga kitambaa brashi, kuelekea upande mmoja.

Mipira naiosha Jumatatu, wateja wakiwa wachache. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kisha maji matupu. Maji yawe ya mfereji. Ya kisima hapa kwetu yana chumvi, yakikauka yanaacha utando. Kausha kwa kipande cha leso kuukuu, ile iliyofuliwa hadi imelainika. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, tina ya kuyeyushia rangi, petroli, dawa ya meno, steli ya kusugulia sufuria, vyote hivyo nimeona watu wakivitumia, na vyote vinachubua. Usianike juani. Hata resini nzuri inageuka njano kwa jua, na kivuli cha banda kinahama, kwa hiyo angalia saa tisa jua liko wapi.

Kila baada ya miezi sita kikapu kinarudi kwa sonara. Siku hizi hacheki tena, kifuniko cha soda anacho kwenye droo. Na ile namba tisa ya zamani iko mlangoni kwangu, inazuia mlango usibamizwe na upepo.